Kanali Mstaafu, Wakili, na Fomu Namba 8B

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Afisa mstaafu wa jeshi ambaye sasa ni wakili anatia nia ya ubunge katika jimbo la kando ya Ziwa Victoria. Je, jeshi na sheria vitamsaidia?"

Vitamsaidia sana, ila pengine si pale wanapodhani wapambe wake. Jukwaani ukanali na uwakili vinaisha utamu baada ya dakika kumi. Mtu wa Kome, Maisome au Ukara visiwani anataka kusikia habari za kivuko, zahanati na ushuru wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Taaluma hizo mbili zinalipa mahali pasipo na vuvuzela: mezani kwa msimamizi wa uchaguzi siku ya uteuzi, na kituoni usiku wa kuhesabu kura. Majimbo mengi hupotelea hapo, na wagombea wengi hawapajali mpaka wamechelewa.

Nianze na Katiba ya Tanzania, kwa sababu mwanajeshi ana mtego wake ambao mwalimu au mfanyabiashara hana. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo katika sheria zetu, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilimpa ushindi marehemu Mchungaji Mtikila kuhusu suala hilo Juni 2013. Sasa soma ibara ya 147(3): ni marufuku kwa mwanajeshi yeyote kujiunga na chama cha siasa, anabaki na haki ya kupiga kura tu. Na "mwanajeshi" hapo ni askari aliyeajiriwa kwa masharti ya muda au ya kudumu katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Ukiziweka ibara hizo mbili pamoja unaona hatari iko kwenye tarehe. Kadi ya chama lazima iwe imetolewa baada ya utumishi kukoma. Afisa aliye kwenye likizo ya kuelekea kustaafu bado ni mwanajeshi. Akichukua kadi wiki hizo kwa sababu mchakato wa chama umekaribia, amempa mpinzani wake pingamizi lililokamilika, lenye ushahidi wa maandishi: kadi yenyewe na barua ya kustaafu. Mpangilio salama ni huu: barua ya kustaafu ianze, utumishi ufike tarehe yake ya mwisho, kadi ifuate, na nakala za vyote viwili ziwe kwenye jalada moja linalotembea na mgombea. Asikubali kadi "iliyorudishwa nyuma" ili aonekane mwanachama wa siku nyingi. Inaweza kumpendeza katibu wa tawi, lakini itamtoa kwenye kinyang'anyiro.

Marufuku hiyo ni zao la mfumo wa vyama vingi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huo, na katika miaka ya chama kimoja siasa ilikuwa ndani ya jeshi. Mwaka 1992 mlango ulifungwa, na maafisa waliokuwa huku na huku wakatakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, alistaafu jeshi wakati huo akabaki kwenye siasa. Kwa hiyo mstaafu anayegombea leo hafanyi jambo la ajabu, mradi ametoka kweli.

Majina nayo yaangaliwe mapema. Mtu huyu ana majina kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kumbukumbu za jeshi, kwenye Orodha ya Mawakili, kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye kadi ya chama. Mara nyingi jeshi lina majina mawili na Mahakama ina matatu. Kama yanatofautiana, hati ya kiapo au ya kubadili jina iandaliwe miezi kabla ya uteuzi. Na kwa kuwa ni wakili, asijishuhudie mwenyewe wala asimpe karani wa ofisi yake kazi hiyo.

Kuna masharti mawili ya ibara ya 67 yanayomgusa wakili mwenye ofisi yake. La kwanza ni kodi: anapoteza sifa aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Deni la Mamlaka ya Mapato (TRA) lenye ubishi si hatia, lakini jukwaani watu hawatenganishi hayo, kwa hiyo alimalize. La pili ni maslahi katika mikataba ya Serikali iliyowekewa miiko maalumu kwa sheria ya Bunge. Kama ofisi yake inaitetea halmashauri mahakamani, mkataba huo usomwe upya na wakili mwingine asiye na haraka.

Ndani ya chama sitakaa sana. Kila chama kina utaratibu wake wa kura za maoni na vikao vya mchujo, na jina linaweza kuongoza kwa wajumbe likakatwa juu. Namshauri jambo moja tu: asiwatembelee wajumbe na bahasha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inahesabu vitendo vilivyokatazwa hata katika mchakato wa uteuzi ndani ya chama, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana sheria yao ya 2007. Wakili hawezi kusema hakujua.

Sasa fomu. Ya ubunge ni namba 8B. Inahitaji wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura ndani ya jimbo lenyewe, tamko mbele ya hakimu, uthibitisho wa chama kwa saini na muhuri wa kiongozi mwenye mamlaka, picha, na dhamana ya fedha. Dhamana imekuwa Sh 50,000 kwa muda mrefu, kiasi kidogo ambacho hakijawahi kumshinda mtu. Kinachowashinda watu ni wadhamini.

Mwanza Mjini mtu anaishi jimbo la Nyamagana, duka liko jimbo la Ilemela, na kadi ya mpiga kura haijahamishwa. Ng'ambo ya ziwa, Sengerema na Buchosa ni majimbo mawili ndani ya wilaya moja, na wapo wanaojiita watu wa Sengerema ilhali wameandikishwa Buchosa. Mdhamini wa namna hiyo hahesabiki. Ukiwa na 25 kamili na wawili wakaanguka, umeanguka nao. Akusanye 40. Namba inakiliwe kutoka kwenye kadi iliyopo mkononi, isitajwe kwa kichwa wala kwa simu. Kila mdhamini aulizwe kama ameshamdhamini mgombea mwingine, kisha majina yalinganishwe na daftari la wapiga kura. Hapa uafisa unafaa: mtu mmoja anasoma, wa pili anaandika, wa tatu anakagua, na anayekagua asiwe yule aliyeandika.

Fomu hurudishwa kabla ya saa 10:00 jioni siku ya uteuzi, na kwenye visiwa saa hiyo ina maana nyingine. Asubuhi ziwa huwa limetulia, mchana upepo unaamka. Mgombea wa Ukerewe anayesubiri muhuri wa chama uvushwe kutoka Mwanza siku hiyohiyo anacheza kamari. Saini, muhuri na tamko la hakimu viwe tayari siku mbili kabla, na yeye alale Nansio, makao makuu ya wilaya, usiku wa kuamkia uteuzi. Afike ofisini asubuhi, ili kama kuna kisanduku kilichoachwa wazi kionekane kukiwa na muda wa kukijaza. Adai uthibitisho wa kupokewa fomu wenye saa. Pingamizi huwekwa hadi saa 10:00 jioni ya siku inayofuata, kwa hiyo asiondoke kwenda kusherehekea. Majibu ya pingamizi linalotarajiwa, hasa lile la tarehe ya kadi, yaandikwe kabla halijaletwa. Rufaa huenda Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na muda wake huhesabiwa kwa saa.

Hata mpinzani wake akiondolewa, kazi haijaisha. Chini ya sheria mpya ya uchaguzi ya 2024, mgombea aliyebaki peke yake hapiti tena bila kupingwa, anapigiwa kura ya Ndiyo au Hapana.

Katika kampeni, sare ibaki kabatini. Kuvaa sare za jeshi bila ruhusa ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi hayo. Mimi ningeondoa hata picha ya sare kwenye bango, kwa sababu inaashiria kwamba jeshi lina mgombea, jambo ambalo ibara ya 147 iliwekwa kulizuia. Pia ataombwa na vijana wa chama awafundishe kwata na ulinzi wa mikutano. Akatae papo hapo. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yanakataza vyama kuunda vikundi vya ulinzi, na jina la kwanza litakalotajwa kituo cha polisi litakuwa la kanali.

Uwakili nao una kishawishi chake: kuwatetea bure wavuvi waliokamatwa na nyavu haramu, wiki tatu kabla ya kura. Huruma ni njema, lakini huduma ya bure kwa mpiga kura wakati wa kampeni inaweza kusomwa kama kishawishi, sawa na kugawa makoti ya kuokolea mwaloni. Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006 katika shauri la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mashauri ya msaada aliyokuwa nayo ayaendeleze, mapya ya jimboni ayapeleke kwa mtoa msaada wa kisheria mwingine.

Ratiba ya mikutano ifuate kazi za watu. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa siku za giza, asubuhi wanaanika, kisha wanalala. Saa 4 asubuhi mwaloni utawakuta akina mama wa kuanika na wachuuzi, lakini si wavuvi. Saa 8 hadi saa 10 alasiri ndiyo nafasi. Mbalamwezi ikikolea, wengi hufunga kambi na kwenda makwao, na aliyeandikishwa kisiwa kingine hawezi kumpigia kura hapa. Mgombea akihesabu vichwa kambini na kuviita kura, atashangaa siku ya matokeo.

Na matokeo ndiyo kazi yenyewe. Karatasi ya matokeo ya kura za ubunge kituoni ni Fomu 21B, na majumlisho ya jimbo huingia Fomu 24B. Wakala asiyeondoka na nakala ya 21B hajafanya lolote, hata kama alikaa tangu saa 1:00 asubuhi. Kanali anajua kupanga watu, basi apange hivi: kila kituo wakala mmoja, na kila kata akiba ya wawili au watatu walioapishwa. Wawe wakazi wa kata hiyo, kwa sababu wakala mgeni hawezi kutambua sura. Barua za utambulisho na viapo vikamilike kabla ya siku za mwisho. Kila mmoja apewe chakula, maji, tochi, kalamu mbili na nauli ya kurudi, kwa kuwa wakala mwenye njaa huondoka saa 12 jioni, wakati kura ndiyo zinahesabiwa. Kwenye visiwa vidogo apange mtumbwi wa injini na mafuta yake mapema, wa kukusanya nakala alfajiri. Picha ya simu itumwe kwanza, karatasi yenyewe ifuate.

Karatasi hizo ndizo zitakazomfaa kama mambo yataenda mahakamani. Shauri la uchaguzi hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Watu wa kanda hii wana sehemu yao katika historia yake: Julius Ndyanabo, aliyegombea Nkenge mkoani Kagera mwaka 2000, aliifikisha hoja Mahakama ya Rufani, na mwaka 2002 sharti la kuweka dhamana ya Sh milioni 5 kabla shauri halijapangiwa tarehe likaonekana kukiuka Katiba, kwa sababu lilimfungia mlango asiye na fedha. Lakini mlango ukiwa wazi bado unahitaji ushahidi, na nakala 30 za 21B zinazogongana na 24B zina nguvu kuliko mashahidi mia waliosikia kwa jirani.

Akishinda, watu watamsukuma Kamati ya Ulinzi kwa sababu ya cheo chake. Mimi ningemwomba aombe Kamati ya Sheria Ndogo. Ushuru unaotozwa kwenye mialo kuanzia Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hadi Bwisya kisiwani Ukara unatokana na sheria ndogo za halmashauri, na ni kwenye kamati hiyo zinapochambuliwa kifungu kwa kifungu, kimyakimya, na wachache wanaojua kuzisoma.

Msomaji, Nansio, Ukerewe