Priampu Yako ya Kwanza Iwe ya Betri Mbili

Kila baada ya muda anakuja kijana kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na simu mkononi, ananionyesha mchoro. "Shikamoo kaka, nataka kutengeneza hii." Namuitikia, naiangalia, na mara nyingi ni ile ile: nakala ya Neve 1073, priampu (kikuza sauti ya maiki) ya Kiingereza ya mwaka 1970 ambayo kila mwenye studio amewahi kuisikia ikisifiwa. Simcheki. Na mimi nilianzia huko huko. Nilinunua bodi, nikanunua rezista zote, vile vidude vya kubana umeme, nikazipanga kwenye vikopo vya dawa kwa thamani zake, nikajiona mhandisi. Halafu nikafika kwenye transfoma. Ile priampu inapokea sauti kwa transfoma na kuitoa kwa transfoma, na kila moja inagharimu kuliko vikopo vyangu vyote kwa pamoja. Bodi ipo kwenye katoni chini ya meza mpaka leo, nusu imelehemiwa, nusu haijaguswa.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujatuma hela Kariakoo, tukae kidogo.

Kwanza niseme ukweli ambao wengine hawaupendi: kama unachotaka ni kurekodi kwaya Jumapili ijayo, usitengeneze chochote. Kanunue miksa ndogo au kile kiboksi cha kuchomeka kwenye kompyuta. Vya siku hizi vina priampu nzuri tu, na kwa hela ya kuagiza vitu kimoja kimoja hutaokoa kitu. Kutengeneza ni kwa mtu anayetaka kujua ndani mna nini, anayetaka siku miksa ya kanisa ikifa asiishie kuipigapiga mgongoni. Kama ni wewe, endelea kusoma.

Kazi ya priampu ni moja: kuchukua umeme mdogo sana wa maiki na kuukuza mpaka ufike kiwango ambacho mashine nyingine zinakitegemea. Mdogo kiasi gani? Chukua Shure SM58, maiki ambayo karibu kila ukumbi wa hapa mjini unayo, ya kweli au ya kuigwa. Mtu akiongea karibu nayo inatoa kama milivolti 2. Mashine za studio zinataka kama volti 1.2. Ukigawa unapata mara 600 na zaidi, yaani desibeli 56 hivi kwa kipimo cha mafundi sauti. Sasa iondoe maiki mdomoni, iweke mbele ya kwaya nzima hatua kadhaa, na ile milivolti 2 inabaki sehemu ya kumi yake. Hapo ndipo unapotaka kukuza mara elfu na zaidi, na kila kelele iliyojificha kwenye saketi inakuzwa mara elfu pamoja na sauti. Ule mvumo wa "shwaa" unaousikia kabla kwaya haijaanza kuimba, mwingi unatokea kwenye hatua ya kwanza kabisa ya priampu.

Ndiyo maana michoro mingi ya bure inayotumia TL072 kama priampu ya maiki huwavunja watu moyo. Aisii ile, kidude chenye saketi nzima ndani yake, ni nzuri kwa gitaa na kwa kazi nyingine nyingi, na utaiokota kwenye kila miksa iliyokufa. Lakini kelele zake za ndani ni zaidi ya mara 10 ya zile za aisii iliyotengenezwa mahsusi kwa maiki, kama INA217. Ukiitumia kwa maiki ya kuimbia, mdomo karibu, utaridhika. Ukiipeleka kwenye kwaya utasikia mvua ikinyesha juu ya bati hata kama ni Agosti.

Basi kipimo changu cha kuchagua ni hiki, na sijali sifa ya mchoro: je, kikigoma kuwaka, nitaweza kujua kimegomea wapi nikiwa na mita ya kawaida tu? Kitagoma. Cha kwanza hugoma. Sijawahi kuona cha kwanza ambacho hakikugoma, labda cha mtu mwongo. Mchoro mzuri wa mwanafunzi ni ule ambao una sehemu chache, na kwa kila sehemu unajua mapema mita inatakiwa isome volti ngapi.

Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, usianze hata na INA217. Chukua ubao wa redio mbovu, ng'oa rezista 20, zirudishe. Kisha tengeneza kile kidogo kuliko vyote: kapsuli ya maiki iliyong'olewa kwenye redio ya kaseti, transista moja ya BC547 (kidude cha miguu mitatu kinachokuza umeme), rezista tatu, kapasita mbili (vidude vya kutunza chaji) na betri moja ya volti 9. Rezista ya kilo-omu 10 inalisha kapsuli, nyingine ya kilo-omu 10 iko kwenye mguu wa transista uitwao kolekta, na ya mega-omu 2.2 inatoka kolekta kwenda mguu uitwao besi. Ukiweka mita kwenye kolekta unatakiwa usome kati ya volti 3 na 5 na ushee. Ukisoma 9, transista haifanyi kazi, labda umeigeuza miguu. Ukisoma karibu na 0, kuna kitu kimegusana. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na utakuwa umeshajifunza kuuliza saketi swali na kupata jibu.

Jumamosi ya pili ndiyo ya priampu yenyewe. Ninayowapa vijana ni INA217, ina miguu minane, na betri mbili za volti 9. Betri moja inatoa chanya, ya pili inatoa hasi, na pale zinapokutana katikati ndipo sifuri. Hakuna transfoma ya umeme wa ukutani, kwa hiyo hakuna ule muungurumo wa hezi 50, na hakuna kinachoweza kukuua. Aisii hii inakula kama miliampia 10, hivyo betri nzuri za alkalini zitakupa saa 30 na zaidi. Zile za bei rahisi zinazouzwa stendi zitakupa mazoezi ya kwaya mara mbili tatu, basi.

Uzuri mwingine ni kwamba ukuzaji wake unapangwa na rezista moja tu, kati ya mguu wa 1 na wa 8. Hesabu yake: gawanya 10,000 kwa rezista hiyo, ongeza 1. Omu 100 zinakuza mara 101, ambayo ni desibeli 40. Omu 10 zinakuza mara 1,001, desibeli 60. Michoro mingi itakuambia uweke potenshometa, yaani rezista ya kuzungusha kama kitufe cha sauti cha redio, hapo ili uzungushe. Mimi nakukataza. Ukiweka ile ya kawaida ya kilo-omu 10, utazungusha, utazungusha, hakuna kinachotokea, halafu kwenye unywele wa mwisho sauti inaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto. Tafuta swichi ya kuzungusha yenye hatua tano, uweke rezista za omu 1,000, 330, 100, 33 na 10. Kila hatua itaongeza takriban desibeli 10, kuanzia 20 hadi 60, na wiki ijayo utarudi pale pale ulipoweka wiki hii. Punguza spika kabla ya kuzungusha, itatoa mshindo.

Na usisahau kapasita kubwa mfululizo na rezista hizo, ya mikrofaradi 3,300 hivi. Inashangaza watu. Lakini bila hiyo, kosa dogo la volti lililomo ndani ya aisii nalo linakuzwa mara elfu pamoja na sauti. Na ukiweka ndogo, kwenye zile omu 10 besi ya wazee wa kwaya itakatwa.

Sasa nikusimulie ya kwangu ilivyogoma. Ilikuwa Juni, baridi ile ya Mbeya ambayo vidole vinakataa kushika rezista, nimewasha jiko la mkaa mlangoni. Nimemaliza, nimechomeka SM58, nimevaa hedfoni. Kimya. Siyo kimya cha priampu nzuri, kimya cha kaburi. Nikachukua mita. Mguu wa 7: chanya 9. Vizuri. Mguu wa 4: hasi 9. Vizuri. Mguu wa 5, sifuri. Mguu wa 6 ndiyo sauti inakotokea, nao bila mtu kuimba unatakiwa uwe karibu na sifuri. Wangu ulisoma karibu volti 8, umeganda hapo hapo. Nikabadilisha aisii. Volti 8. Nikabadilisha tena, ya mwisho niliyokuwa nayo. Volti 8. Nikamtukana aliyeniuzia.

Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Maiki ile inaelea: nyaya zake mbili za sauti hazigusi sifuri popote. Na aisii inahitaji njia ya kupitisha umeme kidogo sana kutoka kwenye miguu yake ya kuingilia, namba 2 na 3, kwenda sifuri. Njia hiyo ni rezista mbili za kilo-omu 2.2, moja kila upande. Nilikuwa nimeziweka, zote mbili, zimelehemiwa vizuri sana, ila zilikokutana nilisahau kuunganisha na sifuri. Kipande cha waya cha sentimita 2. Nilipokigusisha tu, mguu wa 6 ukashuka hadi milivolti chache na nikasikia jiko langu likilialia kwenye hedfoni, cheche moja moja za mkaa. Nilikaa nikilisikiliza lile jiko kama nusu saa.

Furaha hiyo haikumaliza hata siku tatu. Nikaipeleka ukumbini, na kabla ya kwaya kuanza tukasikia kwa mbali mtangazaji akisoma matangazo ya vifo. Priampu yangu ilikuwa imegeuka redio. Waya mrefu wa maiki ni antena, na hapa mjini hatukosi minara. Dawa yake ni kapasita mbili ndogo za pikofaradi 470, kutoka mguu wa 2 na wa 3 wa jeki ya XLR, ile ya miguu mitatu ya kuchomekea maiki, kwenda kwenye bati la kasha, zikiwa zimelehemiwa kwenye jeki yenyewe, siyo kwenye bodi. Mguu wa 1 wa jeki nao uende moja kwa moja kwenye bati, hapo hapo, kwa waya mfupi. Na kasha liwe la chuma. Kopo la biskuti linatosha kabisa, mradi uikwangue rangi pale unapofunga skrubu. Kasha la plastiki ni zuri kwa chumvi.

Umeme wa fantomu, ule wa volti 48 wa maiki za kondensa, uache kwa ya pili. Siyo mgumu, lakini unataka rezista mbili za kilo-omu 6.8 zinazolingana sana, unazozichagua kwa kuzipima moja moja kwenye fungu. Unataka kapasita za volti 63 za kuuzuia usiingie kwenye aisii. Na unataka dayodi, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za kuilinda, kwa sababu waya wa maiki ukigusana vibaya kapasita zile zinatapika chaji yote ndani ya miguu ya kuingilia. Nimeua aisii mbili kwa njia hiyo na sikuona hata moshi.

Priampu za vali, zile taa za kioo za kukuza sauti, hapana. Najua zinavyopendeza zikiwaka gizani. Ndani mna volti 250 hadi 300, na kapasita zake zinaweza kushikilia chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Ukija na mchoro wa vali kama kazi yako ya kwanza, nitakunywesha chai na kukurudisha nyumbani.

Kuhusu vifaa: rezista, kapasita ndogo, swichi na jeki utazipata hapa hapa, nyingi kwenye miksa na amplifaya mbovu ambazo mafundi wanauza kwa kukadiria. Aisii ndiyo itakayokusumbua. Agiza mbili, siyo moja, na ulehemu soketi ya miguu minane badala ya aisii yenyewe, ili ukishuku ni feki uichomoe bila kuchoma bodi. Ikifika na basi kutoka Dar, usiichomeke kwanza. Weka betri, pima soketi tupu: 9 kwenye 7, hasi 9 kwenye 4, sifuri kwenye 5. Zikiwa sawa, toa betri, chomeka aisii, angalia kialama cha mguu wa 1 kiko upande gani, angalia tena, ndipo urudishe betri.

Ile ya kwangu bado iko kazini kwenye kopo lake la biskuti. Betri zimebanwa na kipande cha ndala zisicheze, na kwenye mfuniko nimeandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu: 20, 30, 40, 50, 60.