Baba alimwachia mke wangu Biblia, mimi kifungua mimba nikakosa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Umoja hapa Nairobi na mke wangu na watoto watatu. Baba yangu alifariki Desemba iliyopita. Alikuwa mzee wa kanisa na ndugu wa uamsho tangu ujana, mtu wa sala na uvumilivu. Alipoachishwa kazi kiwandani alienda Kamukunji akafua masanduku ya bati zaidi ya miaka 20, akatusomesha sote sita. Mwaka wake wa mwisho aliishi kwetu akiugua. Kabla hajakata roho alimkabidhi mke wangu Biblia yake, ilhali mimi ndiye mkubwa! Nimemwambia mke airudishe, hataki.*

*Sasa naandaa ibada ya kumbukumbu mashambani: mahema, ng'ombe, tisheti zenye picha ya baba, na kaburi la marumaru. Nimechukua mkopo mdogo wa sakko, chama chetu cha akiba na mikopo, shilingi 280,000, wala sikuona haja ya kumsumbua mke wangu nao. Nilipomwomba pesa zake za chama cha kuweka akiba tumalizie yaliyobaki, aling'aka, eti ni za kumpeleka kijana wetu shule ya bweni Januari. Alinisema hata mbele ya akina mama wa kanisa. Cha ajabu, mama yangu anamuunga mkono. Nimebaki na sanduku la mwisho alilofua baba, lenye koti lake na nyundo. Nimelitia kufuli lisiguswe. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mwanamke huyu hana uvumilivu wa wazazi wetu. Nifanyeje aheshimu urithi wa baba?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Mwaka mmoja ni mfupi kwa aliyefiwa na baba, na barua yako imeandikwa na mtu ambaye bado anamsikia mzee akikohoa chumba cha pili. Hilo nimelielewa. Sasa tuongee.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema ni nani aliyekuwa akimwogesha mzee. Sikupaona. Umeandika "aliishi kwetu akiugua", ukaweka nukta, ukapita. Mgonjwa haishi kwa mtu hivi hivi tu. Kuna aliyekoroga uji, aliyebadilisha shuka saa nane za usiku, aliyehesabu vidonge, aliyemsikiliza akirudia hadithi ileile ya mwaka ule. Kisha tena, mtu aliyefua bati miaka 20 mara nyingi huwa na masikio mazito. Aliyewahi kupita Kamukunji, pale karibu na Landhies Road, anajua nyundo zile hazinyamazi toka asubuhi hadi magharibi. Mzee wa namna hiyo akitaka kusikia Neno, lazima apate mtu wa kumsomea kwa sauti, tena kwa kurudia. Nadhani namjua huyo mtu, na wewe unamjua kuliko mimi. Mzee hakuchanganywa na homa. Alimpa Biblia yule aliyekuwa akimfungulia.

Basi iache mikononi mwake. Ukitaka kuisoma, keti karibu naye msome pamoja.

Umeniambia pia mzee alikuwa ndugu wa uamsho, na hapo umenigusa, kwa maana mimi nimelelewa na watu hao. Mama yangu aliimba *Tukutendereza*, wimbo wa uamsho, kwa Kiganda maisha yake yote na hakujua neno jingine la Kiganda. Uamsho ule, mwamko wa Wakristo wa kutubu na kuokoka, ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu. Vita vya Mau Mau vilipochacha, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha msituni na wakakataa vilevile bunduki ya serikali, na wapo waliolipa kwa maisha yao. Lakini kilichowatambulisha siku za kawaida kilikuwa toba ya wazi. Ndugu alisimama mbele ya wenzake akataja kosa lake kwa jina: niliiba misumari ya tajiri wangu, nilimdanganya mke wangu. Kisha akaenda kurudisha misumari. Wenyewe waliita hivyo kutembea nuruni.

Sasa nieleze, mwana wa mtu wa namna hiyo anawezaje kukopa 280,000 akaziita mkopo mdogo, akamficha aliyelala naye kitanda kimoja? Mshahara wako unakatwa kila mwezi, na mkeo si kipofu, anaona unga unavyopungua kwenye debe. Kwa kawaida sakko haikopeshi pesa kama hizo bila wadhamini; kwa hiyo nadhani kuna wafanyakazi wenzako wawili watatu waliotia sahihi, wanaojua siri ambayo mama watoto wako haijui. Ukilegea kulipa, ni wao watakaokatwa. Baba yako angekuwa hai, Ijumaa inayofuata angekusimamisha kwenye ushirika, mkutano wa ndugu hao, useme hayo yote kabla ya wimbo kuanza.

Umeninukulia methali ya mvumilivu hula mbivu. Wahenga walimsifu mvumilivu, mwanangu, hawakumsifu mvumilishaji. Baba yako alipokosa kazi, nani alivumilia? Ni yeye aliyeinama juu ya bati. Ni viganja vyake vilivyochanika. Hujaniandikia popote kwamba alimwambia mama yenu, "Wewe vumilia, mimi nina sherehe." Alijitwika. Wewe umechukua neno lile lile ukamtwika mkeo: avumilie kumuuguza, avumilie mkopo asioujua, avumilie kutoa pesa za chama alizoweka kidogo kidogo. Huo si urithi wa baba yako. Hiyo ni kazi yako umempa mwingine aifanye.

Na hapa nitasema na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii napokea nyingi. Wanaume wa siku hizi wanataka mke mwenye subira ya mama zao na kipato cha mwanamke wa leo, vyote kwa mtu mmoja. Wanamsifu mama kwa kuvumilia, na ukiwauliza alivumilia nini hasa, wananyamaza, kwa sababu wengine walikuwa wadogo na wakati huo wamelala. Kuna akina mama waliovumilia umaskini bega kwa bega na waume zao, na huo ni uvumilivu wa kuimbiwa. Kuna pia waliovumilia kipigo na dharau kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Tusiwachanganye tukawaita wote shujaa, halafu tukawataka mabinti zetu wafuate nyayo tusizozichunguza. Nami nawaambia wachungaji vilevile: mkihubiri subira kwa wake kwenye harusi, geukeni na upande wa bwana harusi.

Nirudi kwako. Mke wako alikosea kukusema mbele ya akina mama wa kanisa. Mambo ya nyumbani yana mlango, na angeanza kwa mama yako. Nimemaliza upande wake. Mama yako je? Mama mkwe akisimama na mkaza mwana dhidi ya mwana aliyemzaa, ujue kuna jambo ameliona kwa macho. Muulize mzee alikuwa akisema nini juu ya mahema na tisheti. Ndiye aliyeishi naye.

Fungua Yeremia sura ya 35. Wana wa Rekabu walikuwa na neno waliloachiwa na mzee wao Yonadabu: msinywe divai, msijenge nyumba, kaeni mahemani. Miaka mingi ilipita, Yeremia akawaweka mbele ya mabakuli ya divai hekaluni kabisa, wakakataa, na Mungu akawasifu mbele ya taifa zima. Sura yote ile haisemi kwamba walimjengea Yonadabu kaburi la kupendeza. Walichotunza ni namna alivyoishi.

Kwa hiyo leo usiku, watoto wakishalala, mwambie mkeo habari ya mkopo. Yote, mpaka tarehe na majina ya wadhamini. Usitafute maneno ya kujitetea. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kesho wapigie watu wa mahema na marumaru. Kama umelipa arubuni, itakayorudi irudi, itakayopotea ipotee, na kilichobaki kipeleke sakko kupunguza deni. Kaburi la mzee lipigwe saruji, liwekwe msalaba, lifagiliwe. Siku ya kumbukumbu iteni ndugu zake wa ushirika waliobaki hai, mpike chai na maandazi, na mkeo asome kutoka ile Biblia. Wazee wale wataimba bila kuombwa. Ng'ombe abaki zizini. Pesa za chama usiziguse, wala usizitaje tena.

Limebaki sanduku. Umesema lina kufuli ili lisiguswe. Mzee alifua masanduku ya shule, na unajua Januari Kamukunji inavyojaa wazazi wakitafutia watoto masanduku ya kupelekea bweni. Alifua ya watoto wa watu maelfu kwa maelfu, na wewe umelifungia la mjukuu wake chini ya kitanda. Lifungue. Koti lake livae wewe, lipunguzwe mikono kama ni refu. Nyundo itundike mahali utakapoiona kila asubuhi ukienda kazini. Kijana aandike jina lake na la babu yake juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Na siku ya kuondoka usimwache mama yake ahangaike nalo. Libebe wewe begani hadi stendi.