Mtoto njiti anapoongezewa damu: yaliyonikuta Tabora

Shemeji yangu aliingia wodini mkono wa shati umeshakunjwa. Alikuwa ametoka Urambo na basi la alfajiri baada ya kusikia mtoto anahitaji damu. "Sista, nitoeni mimi. Huyu ni damu yangu."

Muuguzi akamjibu, "Ya kwako tutaipokea, baba, tena asante. Ila haiendi kwa huyu."

Shemeji akanuna. Mama mkwe akaongeza lake: damu ya mtu tusiyemjua, je, kama ni mlevi, mtoto si atarithi? Mimi nilikuwa nimelala na mwanangu kifuani, kangaruu, ana siku 19. Alizaliwa wiki ya 30 akiwa na kilo 1.2. Nami niliudhika, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nimwulize daktari maswali hadi akavuta kiti.

Njiti huishiwa damu kwa sababu mwili wake unachelewa kutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Chembe alizozaliwa nazo hufa mapema, wakati za mtu mzima huishi kama siku 120. Halafu kuna vipimo. Damu yote ya mtoto wa kilo 1.2 haijazi nusu glasi. Ukimtoa mililita 1, ni kama mtu mzima ametolewa 50. Kwa hiyo swali langu la kwanza ninalokupa, mama mwenzangu, ni hili: "Sista, vipimo hivi vinaweza kuchukuliwa kwa mchomo mmoja?" Hakuna aliyenifokea kwa kuuliza. Na usishangae wakikuchoma na wewe. Njiti huwa bado hajatengeneza kingamwili zake dhidi ya damu ngeni. Alizonazo ni zako, ndiyo maana damu ya kumpa hulinganishwa na yako pia.

Hapo ndipo suala la kinga linapoingia. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma kwa wingi katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, na njiti huikosa miezi hiyo tumboni. Nyumba haijaezekwa, mgeni keshabisha hodi. Ndani ya chupa ya damu hamna chembe nyekundu peke yake. Zimo na chembe nyeupe za mtoaji, pamoja na kemikali zinazotoka kwenye chembe damu ikikaa benki. Baada ya kuongezewa, mwili wa njiti unaweza kupandisha kemikali zilezile zinazopanda akipambana na maambukizi. Ndiyo sababu penye uwezo damu huchujwa kuondoa chembe nyeupe. Uliza kama ipo. Kama haipo na mtoto anahitaji, mkubali apewe. Ile isiyochujwa nayo imepimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende.

Sasa damu ya ndugu. Chembe nyeupe za ndugu zinafanana na za mtoto kiasi kwamba kinga yake changa inaweza kuziona za nyumbani. Zikibaki, huzaliana na kuushambulia mwili wake. Ni nadra sana, lakini likitokea mara nyingi huua, na hospitali zenye mashine hupiga damu mionzi kulizuia. Baba naye ana tatizo lake: mama anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya damu ya mumewe, na mtoto amezirithi. Shemeji alipoelezwa hivyo alilegea, akaenda kutoa chupa yake ikaingia benki. Mama mkwe hakulegea.

Lililonitisha zaidi ni utumbo. Kuna ugonjwa ambao utumbo wa njiti huvimba na sehemu yake kufa, na madaktari wamewaona watoto wakiupata ndani ya saa 48 baada ya damu. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020, wa watoto 1,824 waliozaliwa na gramu 1,000 au chini, ulilinganisha waliopewa damu mapema na waliosubiriwa hadi HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ishuke zaidi. Ugonjwa wa utumbo haukutofautiana, wala vifo, wala ukuaji wa ubongo walipofika miaka 2 hivi. Mimi nilielewa hivi: usiililie damu kwa sababu HB imeshuka kidogo, na usiikatae mtoto anapoacha kupumua mara kwa mara au moyo unapokwenda mbio. Akishapewa, tazama tumbo. Likivimba, akitapika kijani, au ukiona damu kwenye choo, mwite sista hapohapo, hata saa 9 usiku.

Kinachomjengea kinga ni maziwa yako, kuanzia dang'a. Nilikamua kila saa 3, yakapita kwenye mpira wa puani. Jirani wa kitandani aliletewa asali ya Sikonge amlambishe mtoto. Asali yetu naipenda, lakini chini ya mwaka 1 ni hatari. Kula wewe, na matobolwa yako, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

Mambo mawili nusura yanipite. Kama kwenu kuna selimundu, omba sampuli ichukuliwe kabla ya damu, la sivyo kipimo kitasoma chembe za mtoaji na mtasubiri miezi. Pili, hakikisha tarehe ya kuongezewa imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kingamwili za mtoaji zinaweza kuidhoofisha chanjo ya surua, ndiyo maana hushauriwa ipite miezi 6 tangu damu ya mwisho. Wangu alipewa mara moja tu, kwa hiyo chanjo ya miezi 9 alichoma kwa wakati.

Siku hiyo ya kliniki alilia kwa hasira hadi foleni nzima ikageuka. Mama mkwe akanitazama: "Unaona? Nilisema mimi. Huyo mtoaji alikuwa mkali."