Oili ya giaboksi ya oto: ibadilishwe au iachwe?

SWALI: Fundi, nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya 1996, ya oto. Nabeba samaki na barafu kutoka Dunga hadi Nakuru. Siku hizi asubuhi nikiweka D inachelewa kushika. Makanika mmoja ananiambia oili ya giaboksi isiguswe, nikiibadilisha gari litakufa. Mwingine anataka kuisafisha kwa mashine. Dukani nimeonyeshwa mikebe mitatu, oili yote nyekundu. Ninunue upi?
Mama Samaki, Kisumu

JIBU: Mama, kabla ya kununua chochote chomoa dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia oili. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, jina la oili limechongwa pale pale kwenye chuma: mara nyingi Dexron II au III, nyingine Type T-IV. Hilo ndilo unalonunua. Wekundu ni rangi ya kutiwa tu, hauthibitishi kitu. General Motors iliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo jina hilo kwenye mkebe wa leo ni ahadi ya mtengenezaji. Nunua ya kampuni unayoijua, dukani wanakotoa risiti. WS, oili ya Toyota za baadaye, ikatae hata kwa bei ya kutupa. Ni nyepesi mno kwa giaboksi yako.

Kisha pima. Endesha mpaka ipate moto, simama mahali tambarare, pitisha gia zote polepole, rudi P, na injini ikiendelea kunguruma chomoa, panguza, rudisha, chomoa tena. Huenda imepungua tu, na ndiyo maana inachelewa. Ikiwa ya kahawia, badilisha. Ikiwa ya waridi kama yogati ya stroberi, usiendeshe kabisa: maji ya rejeta yameingia, kwani oili hupozwa humo ndani. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, makanika wa kwanza ana nusu ya hoja. Oili mpya haiui giaboksi. Klachi za ndani ya giaboksi huwa zimeshaisha, lawama ikaangukia oili kwa sababu ndiyo iliyoguswa mwisho.

Mashine sikushauri, maadamu hujui giaboksi hiyo ilihudumiwa lini. Ifunguliwe bolti ya chini, oili ipimwe kwenye beseni, irudishwe mpya kiasi kile kile. Itatoka sehemu tu, nyingine hubaki kwenye toki konvata, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Endesha wiki moja hivi, urudie, na tena. Mara ya kwanza sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ishushwe, filta na gasketi viwe vipya, na sumaku zitazamwe: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya. Uwepo mwenyewe. Kuna mafundi hulipisha filta ambayo hawakuigusa.

Halafu kuna ile milima. Kutoka Ahero hadi Kericho unapanda zaidi ya mita 800 ukiwa na mzigo, na giaboksi inayorukaruka kati ya gia ya tatu na ya nne huchemsha oili kuliko kitu kingine. Bonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, kinachozuia gia ya nne) ukianza kupanda, ukiache hivyo mpaka uvuke Mau Summit. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, umefanya sawasawa.