Anakwama mkono wa kushoto ukiingia

Mwalimu mwenzangu, umesema binti wa miaka 9 anapiga vizuri mkono wa kulia, ila ukimwongezea wa kushoto anakwama hadi machozi. Usimpe mazoezi zaidi ya peke yake. Keti kulia kwake, kwenye piano hiyohiyo.

Wewe piga sauti ya wimbo, yeye ashike besi tu: Do-Mi-So, vidole 5-3-1 vya mkono wa kushoto (5 ni kidole kidogo, 1 ni gumba), noti mojamoja badala ya kordi nzima, yaani noti zote kwa pamoja. Akizoea, mpe Do-So-Mi-So. Hiyo ndiyo besi ya Alberti, ambayo mtunzi Mozart aliitumia kufungua sonata yake ya piano namba K. 545 ya 1788. Baada ya wiki mbili tatu badilishaneni nafasi. Mimi hukawia hapa makusudi, maana sikio likishaijua besi, mikono miwili haimtishi mtoto.

Ukitaka vilivyokwisha kuandikwa, tafuta vipande vya watu wawili kwenye piano moja vya mtunzi Diabelli, Op. 149 (namba ya kazi hiyo): sehemu ya mwanafunzi haivuki noti tano.

Akikosea usisimame, endelea, atakudaka mbele (na usimkimbize, tafadhali). Kiwiko au kifundo cha mkono kikiuma, pumzisheni. Maumivu yakirudi, amwone daktari.