Wadogo zangu mnaochora nyumba na loji ndogo, saiti kwanza

Nimevumilia nimeshindwa, acha niseme. Kila kundi jipya la vijana wanaoanza kazi linakuja na ramani zilezile, nyumba kali, fasadi imetulia, renda, ile picha ya kompyuta, ya jioni taa zinawaka, halafu ukiuliza kontua, mistari ya kuonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, ziko wapi unajibiwa "saiti ni flati", yaani kiwanja ni tambarare. Mpeleke mpima afanye topo, apime miinuko ya kiwanja, uone, unakuta mita moja na nusu ya tofauti kutoka bikoni moja, lile jiwe la mpaka, hadi nyingine, na hiyo mita na nusu ndo itaamua msingi, ngazi, chemba za maji taka, njia ya gari, kila kitu. Nawaandikia kwa sababu nawapenda na kwa sababu makosa haya yana umri mkubwa kuliko nyie, hakuna sababu ya nyumba nyingine kuyabeba. Softiwea mnazijua kunishinda, hizo sitazigusa.

1. Jua

Mshale wa kaskazini unawekwa siku ya kwanza, sio siku ya kuprinti. Na tafadhali msikopi ule ushauri wa "madirisha makubwa yatazame kusini", ule uliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi za kaskazini. Ukishuka kusini mwa dunia unageuka, na ukiwa kwenye ikweta jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo pande hizo mbili ndo rahisi kuzikinga, zinazosumbua ni mashariki na magharibi. Pigeni hesabu wenyewe. Pale ikweta, hata siku jua limehama mbali kabisa, saa sita mchana linakuwa nyuzi 66.5 juu, na dirisha la urefu wa mita 1.5 linafunikwa lote na upenu uliotokeza kama sentimita 65. Dirisha hilohilo lipeleke magharibi, jua likiwa limeshuka hadi nyuzi 20, unahitaji upenu wa zaidi ya mita 4. Nani atajenga upenu wa mita 4? Hapo weka ukuta mtupu, au stoo, bafu, mti, veranda yenye luva za wima, vile vibao vya kukinga jua, sio kitanda cha mgeni.

Kuna kijana aliigeuza plani nzima kama inavyoonekana kwenye kioo ili geti likae vizuri. Vipimo vya ndani havikubadilika hata sentimita kwa hiyo hakuna aliyestuka, vyumba vyote vya kulala vikahamia magharibi na stoo ikapata ule upande mtulivu. Ukigeuza plani umechora nyumba mpya, anza kuikagua upya tangu mwanzo.

2. Maji

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panaponiuma.

Wengi wenu mna picha ya nyumba ya Farnsworth ukutani, na mimi naipenda tangu chuo, bado naipenda. Msanifu Mies van der Rohe aliichora kwa ajili ya daktari wa Chicago, Edith Farnsworth, kando ya mto Fox karibu na mji wa Plano, Illinois, ikakamilika 1951. Vioo pande zote, chuma cheupe, sakafu imenyanyuliwa kama mita 1.6 kutoka ardhini. Na sikilizeni vizuri, ule mnyanyuko haukuwa urembo tu, Mies alijua kabisa kwamba pale mto unafurika, akaulizia mafuriko yaliyopita akaweka sakafu juu ya kiwango hicho. Yaani alifanya kile ambacho wengi wenu hata hamkifanyi. Mwaka 1954 maji yakaingia ndani. Mwaka 1996 yakarudi kwa nguvu zaidi, yakavunja vioo na kuharibu mbao na fanicha. Mwaka 2008 yakaingia tena. Imefika mahali wanaoitunza wakaanza kujadili kuihamishia sehemu iliyoinuka zaidi ya eneo lilelile, au kuiwekea jeki za haidroliki chini ili mto ukipanda nyumba nayo ipande.

Kwa nini yalimpita mtu makini vile? Kwa sababu kiwango cha mafuriko ya zamani kinakuambia mto ulivyokuwa, hakikuambii utakavyokuwa. Huko mto unakotokea miji ilizidi kutanuka, paa na lami zikachukua nafasi ya majani, maji yaliyokuwa yananywewa na ardhi yakawa yanakimbilia mtoni kwa pamoja. Saiti yako haiishii kwenye bikoni zako, inaanzia kule mlimani maji yanakotoka, kwenye kiwanja cha jirani ambaye mwakani atamwaga zege uani kote, kwenye kalvati, njia ya maji chini ya barabara, ambalo limeziba na hakuna anayelizibua.

Kingine kinachonisumbua zaidi ya mafuriko yenyewe ni kwamba nyumba ile iliwekwa pale kwa ajili ya kuutazama mto, na mtu aliyelala ndani yake akawa anateseka hata siku za kawaida. Jua linapiga vioo, ndani panachemka, na sehemu za kupitisha hewa ni mlango na vidirisha viwili vya chini upande wa mashariki, basi. Mbu wa mtoni wakawa wengi hadi ikabidi baraza liwekewe nyavu. Mteja na msanifu wakaishia mahakamani kugombania pesa. Nyumba moja kati ya zinazopendwa kuliko zote duniani, na mwenye nyumba hakupata raha. Sisi kama fani tumeihusudu miaka yote hii tukafundishana picha yake bila kufundishana maji yake, na hilo ni kosa letu sote, sio la Mies peke yake. Nikiona mwanafunzi amepachika kiboksi cha vioo ukingoni mwa mto na hakuna mstari hata mmoja wa kiwango cha maji kwenye seksheni yake, ule mchoro wa jengo lililokatwa wima, moyo unaniuma kweli.

Sasa tazameni aliyejifunza. Glenn Murcutt wa Australia, aliyepewa Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu, 2002, hafichi kwamba Mies alimwathiri sana. Nyumba yake ya Marie Short kule Kempsey, ya 1975, ni wazo la ukoo huohuo, ndefu, nyembamba, imenyanyuliwa kutoka ardhini. Ila imenyanyuliwa kwa nguzo za mbao, kuta zake ni luva unazofungua na kufunga pamoja na nyavu za wadudu, na paa la bati linaacha hewa ya moto itokee juu. Wazo lilelile, limewekwa mahali pake. Mkitaka kukopi, kopini namna ile ya kukopi.

Kwa kazi zenu ndogo: paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Nionyesheni kwenye ramani hizo lita zinaenda wapi. Mkiandika "mfereji" nitauliza mfereji unamwaga wapi. Na mkifika saiti tafuteni alama ya tope kwenye shina la mti na kwenye ukuta wa jirani, kisha muulizeni mkazi wa siku nyingi maji yaliwahi kufika wapi, halafu ongezeni juu ya hapo, msiishie hapohapo.

3. Upepo

Baada ya kusifia upenu najua mtu ataenda kuweka upenu kila mahali. Hapana. Sea Ranch, eneo la makazi pwani ya kaskazini ya California, upepo wa bahari hauna mchezo. Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari, alianza kwa kuusoma upepo wenyewe. Wafugaji wa zamani walishapanda mistari ya misaipresi kuukinga, na kundi la kwanza la nyumba likaegemezwa kwenye mistari hiyo badala ya kutawanywa katikati ya uwanda. Jengo la Condominium One la 1965, makazi 10 yamekusanyika pamoja, mapaa yanainama kuupandisha upepo juu ya jengo na hayana upenu, maana pale upenu ungekuwa mdomo wa kudaka upepo. Uani katikati mtu anakaa bila kupeperushwa. Angalieni miti ya saiti yenu imelalia upande gani, hiyo ni ripoti ya upepo ya miaka mingi na ni ya bure.

Dirisha moja halipitishi hewa. Mawili, kwenye kuta tofauti.

4. Slopu

Seksheni kabla ya plani. Nyumba ndefu ilale sambamba na kontua, ikibidi ivunjike ishuke kwa ngazi. Mkikata udongo huku na kujaza kule, msingi usikalie ule uliojazwa, utashuka mbele ya macho yenu na ukuta utapasuka kuanzia kona ya dirisha. Chimbeni shimo la majaribio hata kama mteja analalamika. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua sio wa kuuwekea msingi wa mazoea, mwiteni mhandisi mapema.

5. Loji

Mnachora vibanda vya wageni kama shanga, kila kimoja kinatazama "vyuu", yaani mandhari, halafu veranda ya namba mbili inatazama kitanda cha namba tatu. Umbali peke yake hauleti faragha, kinacholeta ni kugeuza kibanda kidogo, au kukishusha nusu mita, au kuacha kichaka kilichopo.

Msanifu Geoffrey Bawa alipoitiwa kazi ya hoteli Sri Lanka, mteja alishachagua mahali karibu kabisa na mwamba wa Sigiriya. Bawa akaukataa uwanja, akapendekeza kwenye jabali juu ya bwawa la Kandalama, kilomita kadhaa kutoka pale, mwamba uonekane kwa mbali ng'ambo ya maji. Ilifunguliwa 1994. Ni kubwa mno kuliko kazi zenu, lakini angalieni alichokifanya: jengo jembamba linalofuata mkunjo wa jabali, sehemu zake zimesimama juu ya nguzo, na mimea imeachiwa ilifunike. Mgeni akifika hapewi mandhari yote mlangoni, anaongozwa taratibu mpaka ayafikie. Kijana aliyeanza kazi jana hawezi kumkatalia mteja uwanja, najua, ila kusogeza jengo mita ishirini ndani ya kiwanja kilekile mnaweza, ombeni.

Na sehemu nzuri kuliko zote kwenye kiwanja msiijengee juu. Kaeni pembeni yake muitazame.

Jenereta, dobi, mapipa, gari la maji: vichoreni pamoja na vyumba, sio baadae. Mgeni anafika usiku, mvua inanyesha, ana mabegi na mtoto amelala begani. Fuateni hiyo njia kwa kidole kwenye ramani, hesabuni ngazi.

6. Miti

Pimeni tawi lilipofika, sio shina tu, maana mizizi iko huko na fundi atapitisha mtaro wake hukohuko.

7. Kurudi

Hii ndo hamuifanyi kabisa. Jengo likikabidhiwa mnapiga picha mnapotea. Rudini baada ya mvua za kwanza na mrudi tena kwenye joto kali, na mkifika msianze na mwenye mali, yeye atasema kila kitu safi. Muulizeni anayesafisha vyumba. Anajua chumba ambacho wageni huomba kuhamishwa, anajua dirisha ambalo halifunguliwi kamwe na kona ambayo ndoo hukaa mvua ikinyesha, na anajua sababu. Nendeni na ramani mliyoijengea, kalamu nyekundu, muandike palepale kwenye chumba husika anachowaambia, kwa maneno yake. Ramani hiyo yenye wino mwekundu iwe ya kwanza kutandazwa mezani kazi inayofuata ikiingia.