Ukienda Suilven, Ipangie Nyika Siku Yako

Kila majira ya joto yanapokaribia, jamaa wa Afrika Mashariki wanaoishi Glasgow na Edinburgh huniuliza ni mlima upi wa Uskoti unaomfaa mtu aliyekwisha kuzizoea njia za mjini na asiyependa msongamano wa Ben Nevis. Huwajibu kwamba waende Suilven, katika eneo la Assynt, kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi, kisha huwapa onyo ambalo wengi hulisikiliza nusunusu: mlima wenyewe hauwashindi watu wengi, kinachowashinda ni nyika na maziwa yaliyouzunguka. Kwa hiyo ushauri wangu wote humu unaelekea huko, kwenye namna ya kuipita nyika, na kilele nitakizungumzia kwa ufupi tu.

Ukitazama takwimu peke yake utaudharau. Kilele cha juu, Caisteal Liath, kina mita 731, chini ya nusu ya mwinuko ambao jiji la Nairobi limejengwa juu yake, na hakikaribii mita 914 zinazohitajika ili mlima wa Uskoti uhesabiwe miongoni mwa ile inayoitwa Munro. Lakini safari huanzia Lochinver, kijiji cha bandari kilicho usawa wa bahari, na kwenda na kurudi ni kilomita zipatazo 20. Waskoti wanayo kanuni ya kukadiria muda iliyotolewa na William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo Suilven ingekuchukua saa tano na robo hivi. Mimi humwambia kila anayeniuliza atenge saa nane au tisa, kwa sababu kanuni hiyo haihesabu muda wa kutafuta mahali pa kukanyaga, wala wa kuvua koti na kulivaa tena kila mvua inapokuja na kuondoka.

Inafaa kuelewa kwa nini nchi hii imejaa maji kiasi hicho, maana ukielewa chanzo utaisoma ramani kwa macho mengine. Sakafu ya Assynt ni mwamba wa naisi, miongoni mwa miamba mikongwe kuliko yote barani Ulaya, wenye umri wa takriban miaka bilioni 3. Mwamba huo haupitishi maji, na barafu nene za enzi zilizopita ziliukwangua zikaacha vilima vidogo visivyo na mpangilio na mashimo baina yake. Kila shimo likawa ziwa. Juu ya sakafu hiyo palikuwa na tabaka nene la mawe ya mchanga, yenye umri wa karibu miaka bilioni moja. Sehemu kubwa imemomonyoka na kubaki milima michache iliyosimama kila mmoja peke yake, Suilven ukiwa mmojawapo. Ndiyo maana huoni milima midogo ya kukuandaa: ni nyika ya vilima vifupi na maji, kisha ghafla ukuta. Ndiyo maana pia mlima huo hubadilika sura. Ukiwa Lochinver huuona kama kuba nene la mviringo, lakini anayeutazama kutoka kaskazini huona mgongo mrefu wa takriban kilomita mbili, wenye pengo katikati.

Njia ninayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza ni ile inayopita Glencanisp Lodge, kando ya ziwa dogo la Loch Druim Suardalain, kisha ikaelekea mashariki ndani ya nyika. Mwanzoni ni njia pana, imara, ambayo hata mtu asiye na mazoea ataitembea bila shida, na hapo ndipo wengi hutumia mwendo wa haraka kuliko inavyostahili. Baada ya kuvuka daraja la mto, njia ya mlimani huchepuka kulia. Sehemu hiyo ilikuwa na sifa mbaya ya matope, hadi shirika la uhifadhi la John Muir Trust pamoja na Assynt Foundation, shirika la wakazi wa eneo hilo, walipoikarabati mwaka 2017 na 2018, mawe yakiletwa kwa helikopta. Ninakuomba ubaki juu ya mawe hayo hata pale ambapo pembeni panaonekana pakavu, kwa kuwa kila anayechepuka huipanua njia na kuiua mimea inayoishika ardhi.

Udongo wa nyika hii ni mweusi, wa mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka bila kumalizika kuoza kwa sababu ya maji. Jifunze rangi zake kabla hujaiacha njia iliyojengwa. Penye vichaka vya hetha vyenye vijiti vigumu, mara nyingi ardhi hubeba uzito wako. Penye vishungi vyeupe mfano wa pamba, tarajia maji ya kifundo cha mguu. Penye kijani kibichi kinachong'aa, hasa kwenye bonde dogo lisilo na jiwe hata moja, usikanyage kabisa. Huo ni utando wa mimea laini ya majimaji unaoelea juu ya tope, na fimbo yako itazama kabla hujaona mwisho wake. Fimbo ndefu ya kutembelea ni ya lazima kwa maoni yangu, na ninashangaa kwamba watu hununua viatu vya bei kubwa wakaiacha. Viatu vyovyote vitalowa. Chukua soksi za sufu za akiba, uziweke ndani ya mfuko wa plastiki.

Kuhusu maziwa, wengi huyachukulia kama mandhari ya kupigia picha, ilhali hapa hayo ndiyo alama zako za barabarani. Kila ziwa lina umbo lake kwenye ramani, lina ghuba, rasi, na mahali mto unapoingilia au kutokea. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, namba 442 katika mfululizo wa Explorer, na kabla ya kulala usiku wa kuamkia safari, taja kwa mpangilio maziwa utakayoyapita na upande ambao kila moja litakuwapo. Ukungu unaposhuka, mlima hutoweka wote mzima, lakini ukingo wa ziwa huweza kuufuata hadi penye mto unaoutambua. Tahadhari moja tu: vijiziwa vidogo vimefanana mno, na mvua kubwa huzaa vingine visivyokuwapo kwenye ramani, kwa hiyo thibitisha kwa dira. Simu ina manufaa, ila mtandao ni wa kubahatisha na baridi humaliza betri.

Kupanda kwenyewe ni kwa kasi: korongo lenye mteremko mkali upande wa kaskazini, mawe yanayoteleza, hadi kwenye pengo liitwalo Bealach Mòr. Ukifika juu, geuka kulia. Utakutana na ukuta wa mawe uliojengwa kukatiza mgongo wa mlima, kazi ya mikono ya watu mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili, na baada yake kuna sehemu chache za kushikilia kwa mikono kabla ya kilele kipana chenye majani. Upande wa kushoto, kilele cha Meall Meadhonach kinahitaji ujuzi wa kukwea miamba, kiache. Siku ya anga safi utauona mlima wa Quinag kaskazini, Cùl Mòr na Stac Pollaidh kusini, bahari magharibi, na katikati yake vioo vya maji visivyohesabika.

Wakati mzuri, nadhani, ni Mei na mwanzo wa Juni. Mwezi Juni mwanga huwapo kwa takriban saa 18 na jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, jambo linalokupa nafasi ya kuchelewa bila hatari. Mwezi Desemba mwanga haudumu hata kwa muda wa saa saba. Kuanzia katikati ya Juni visubi hutoka kwa makundi, na pasipo upepo, karibu na maji, hukufanya ushindwe hata kula. Wavu wa kufunika kichwa hauna uzito wowote. Kupe nao wapo kwenye majani marefu, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, hivyo vaa suruali ndefu na ujikague mwili mzima jioni.

Aliyepanda Kilimanjaro atashangazwa na jambo jingine: hakuna geti, ada, kiongozi wala mpagazi. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu na hata kupiga hema kwa siku chache, ilimradi aheshimu mazingira na shughuli za wenyeji. Haki hiyo haihusu kuwinda, kuvua samaki wala kuendesha gari. Eneo la Glencanisp linamilikiwa na wakazi wenyewe kupitia Assynt Foundation tangu mwaka 2005, miaka 12 baada ya wakulima wadogo wa upande wa kaskazini wa Lochinver kununua ardhi yao. Kati ya Agosti na Oktoba kulungu huwindwa, basi uliza kijijini kabla ya kuondoka.

Kukosekana kwa geti kuna maana pia kwamba hakuna aliyeandika jina lako. Mwachie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi. Ukipata dharura, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji kikosi cha uokoaji mlimani. Jisajili mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale ambapo sauti haipiti.

Wasiotaka kuimaliza njia yote kwa siku moja wanaweza kulala Suileag, kibanda cha wapita njia kinachotunzwa na Mountain Bothies Association, bila malipo, bila umeme, na bila uhakika wa nafasi. Na iwapo utabiri wa Mountain Weather Information Service unataja upepo mkali mlimani, usiende juu. Nenda Inverkirkaig, ufuate mto hadi maporomoko ya Kirkaig, kisha uendelee hadi Fionn Loch. Njia hiyo ina tope zaidi, lakini ukifika kwenye ziwa hilo utauona Suilven wote upande wa pili wa maji, na utarudi kabla ya chakula cha jioni.